Matawi Nyuma ya Lori

Serikali haina haraka na maiti. Haraka yake ni kwa aliyebaki hai. Ndivyo Oloo alivyojiambia akiwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, katikati ya mji, koti la harusi likimbana makwapani. Yeye ndiye aliyeishtaki kampuni ya lori kwa kifo cha mkewe, Rachael. Lakini wenye vyeo wanajua kugeuza chungu kikapikia upande wao, na sasa kampuni ilikuwa inasema aliyemuua Rachael ni Oloo mwenyewe.

"Omera, mbona unatetemeka kama kuku wa Krismasi?" Jackton alimuuliza. Jackton alikuwa kaka mdogo wa Rachael, fundi wa milango ya chuma pale mtaa wa Satellite, mtu wa mdomo.

"Ni baridi tu, shemeji."

"Baridi gani na jua hili? Sema umeona wakili wao. Yule mama anaweza kukushtaki mpaka kwa kupumua."

Alicheka peke yake. Upande wa pili wa Jackton alikaa mama mkwe wa Oloo, mkoba mapajani, uso umeelekezwa ukutani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, na Kiswahili alikijua cha kununulia chumvi tu. Siku ya mazishi alisimama mbele ya ukoo akasema hatamlaani mtu. Sheria ikishasema nani alimuua mwanawe, alisema, hapo atajua nani ataruhusiwa kuvuka ua wake. Na ndani ya ua huo, kijijini, ndiko walikokuwa watoto wawili wa Oloo.

Hicho ndicho kilichomleta mahakamani. Fidia wangekula wanaoitaka. Yeye alitaka karatasi moja yenye muhuri, aende nayo hadi kwenye lango lile, afunguliwe.

Waliitwa, wakaingia.

Ajali yenyewe kila mtu mle ndani alikwisha kuisikia. Asubuhi ya ukungu, kwenye teremko la Mutuini, lori la mawe lilikuwa limekufa njiani, mkia wake umetokeza barabarani, taa hakuna, alama hakuna. Oloo na Rachael walikuwa wanakwenda mashambani kuchukua mboga kwa pikapu yao. Aliliona lori, akakanyaga breki, pikapu ikaitika. Ingesimama. Lakini nyuma yake alikuwa kijana wa Kileleshwa aitwaye Jeremy, anawahi kazini, naye akamgonga kwa nyuma na kumsukuma mpaka chini ya lori. Upande ulioingia ulikuwa wa Rachael. Watu walimtoa, wakamlaza kwenye lami hatua kadhaa nyuma ya magari. Hapo ndipo alipokata roho.

Magari matatu. Hata mtoto wa chekechea angejua makosa ni ya nani. Ila hawa walisoma.

"Koplo Kinyanjui," wakili wa kampuni aliita. Jina lake Anita, sauti yake laini kama mafuta ya kupaka. "Ulipofika kupima na kupiga picha, nyuma ya lori uliona nini?"

"Matawi, Mheshimiwa," koplo akamjibu hakimu. "Matawi mabichi yametandazwa barabarani. Dereva akiharibikiwa na gari huweka hivyo kuonya wenzake. Dereva wa lori naye ameandikisha kwamba ndiye aliyeyaweka."

Koplo aliposhuka, Oloo akaitwa kizimbani, na Anita akampelekea picha. "Bwana Oloo, haya matawi uliyaona?"

Oloo aliitazama.

Aliyajua matawi hayo. Polisi waliofika kwanza walibeba maiti wakaenda zao, wakisema mpimaji yuko njiani. Huyo mpimaji alikuwa njiani hadi jua likaelekea kuzama. Mchana, kabla hajatokea, mama mkwe aliletwa mahali pale. Alikuwa Nairobi siku zile kutibiwa macho. Alikuja kuiita roho ya mwanawe irudi nyumbani, isibaki kuhangaika barabarani. Jackton alikata matawi kwenye ua wa shamba, na mama, kwa kupapasa, akayatandaza juu ya damu, gurudumu lolote lisije likaikanyaga. Akaita jina la Rachael mara nyingi, mpaka sauti ikakauka.

"Hayakuwepo," Oloo alisema. "Yaliwekwa baadaye. Si dereva wa lori aliyeyaweka."

"Nani basi?"

Kwao, mkwe hatazamwi machoni, hapitwi karibu. Mtu hamnyooshei mama mkwe kidole mbele ya umati na kusema, ni huyu. Alimgeukia Jackton. Kaka mtu angeweza kulisema. Kwake ni mama mzazi tu.

Anita naye alifuata macho yake. "Nikumbushe jambo, Mheshimiwa. Aliyegusa mahali pa ajali kabla ya polisi kupima ameharibu ushahidi. Kama yupo humu ndani, asimame. Koplo ana pingu."

Jackton, yule wa mdomo, aliinama akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake.

"Nakuuliza tena, nani?" hakimu alisema.

Oloo alimrudishia Anita picha. Kalamu ya hakimu ikakwaruza.

"Basi tufuate mnyororo," Anita akasema. "Jeremy alikugonga kwa sababu ulisimama ghafla. Ulisimama ghafla kwa sababu ulipita onyo bila kuliona. Magari ni matatu, Bwana Oloo, lakini makosa yote yanakuja kulala kwako."

Kwenye benchi mama mkwe alimvuta Jackton mkono, akamnong'oneza kwa Kijaluo. Jackton akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, chini chini, lakini chumba kilikuwa kimya na Oloo akasikia kila neno.

"Wanasema alionywa, mama. Hakuangalia."

Matawi hakuyataja.

Hakimu alisema uamuzi atausoma wiki ijayo, na kwamba faili nakala yake iende kwa polisi, waangalie kama kuna mtu wa kushtakiwa kwa kusababisha kifo. Watu wakasimama.

Mlangoni mama mkwe alipita ameshikwa mkono na mwanawe. Oloo alijibanza ukutani kumpisha, kama inavyopasa. Mama akasimama. Akageuza uso wake pale alipomhisi.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" aliuliza.

Jackton aligeuka upande mwingine. Oloo alikuwa na neno moja la kumjibu, na lilikuwa kweli. Aliliona jinsi litakavyoingia katika sikio lile la kizee na kukaa humo mpaka kaburini: mikono yako, mama, iliyomsitiri Rachael, ndiyo iliyonifunga mimi.

"Kulikuwa na ukungu, mama," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichofuata. Akaendelea na safari yake, mkoba kifuani, akielekea nyumbani kwenye lango lake.

Nyuma ya Oloo mkono uligusa bega la koti la harusi.

"Mzee," koplo Kinyanjui alisema, kwa upole kabisa, "usiende mbali."