Kombora Mgeni wa Haji Shamroz

Alasiri ya Jumanne, wanaume kumi na mmoja wa bonde letu la Waziristan walikuwa barazani kwa Haji Shamroz wakigawana msitu wa misonobari, ukoo gani uchume wapi njugu za miti hiyo, kombora lilipoingia. Lilipita mlangoni kistaarabu, likasimama hewani juu ya birika.

Haji hakuliuliza shida yake. Kwetu aliyekwisha kuingia barazani hatolewi, hata awe adui. Alilitandikia kitanda cha kamba.

"Karibu. Chai yetu ina iliki nyingi, sijui kama utaiweza."

"Nitajikaza," kombora likasema.

Bi Palwasha alileta mkate akasimama mlangoni. Mwanawe Zarif, mchimba visima, aliuawa mwaka jana katika baraza kama hili, kwa kombora la ndege isiyo na rubani. Alikuwa ameshawaandikia wenye ndege hizo barua nne akitaka jambo moja tu: wakiri kwamba hakuwa adui. Kila mara walijibu kuwa silaha zao hazikosei.

"Wewe umetumwa kwa nani?" akaliuliza.

"Kwa nyumba hii, mama. Majina sikupewa. Mwanamume mzima akikaa kikaoni ni adui, mpaka ithibitike vingine."

"Ithibitike lini?"

"Akishakufa." Kombora likainamisha pua. "Wanasema ni sheria ya huruma. Zamani wangeteketeza kijiji kizima."

"Basi na tuwashukuru!" akasema Haji, na baraza zima likacheka.

Jioni redio ikatangaza: maadui kumi na mmoja wameuawa, hakuna raia aliyeguswa. Hao kumi na mmoja walisikiliza mpaka mwisho. Haji akasema alhamdulillahi, maana maiti hawindwi. Kweli, kesho yake ndege iliyovuma juu ya mapaa yetu miaka mitatu iliondoka, na watoto wakalala usingizi wa mchana. Hata mimi nashukuru mpaka leo, kwa kuwa mjomba wangu alikuwa wa saba kutoka mlangoni.

Bi Palwasha aliandika barua ya tano. Wote kumi na mmoja waliapa kuwa Zarif hakushika kitu kikali kuliko sururu, wakatia dole gumba.

Jibu lilikuja msimu wa njugu, wakati kombora limeshajua kuzimenya. Haji alisoma kwa sauti: ushahidi wa marehemu haupokelewi.

Bi Palwasha akaikunja barua, akaiweka pamoja na yale majibu manne. Kisha akalimegea kombora mkate wa moto.

"Kula, mwanangu," akasema. "Wewe angalau ulisimama."