Nahodha wa Kituo cha Mwezini

Fundi alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko hata sifa ya kushona: kwenye duka lake hakijawahi kupotea kifungo. Vifungo vilikaa ndani ya makopo ya maziwa, kila rangi na kopo lake, na kila jioni kabla ya kufunika cherehani alivihesabu. Wateja walimtania, wakamuuliza kama vifungo vyake vina miguu. Yeye huwajibu kwamba kitu hakipotei chenyewe, kuna mtu kakipoteza. Maneno hayo aliyasema kwa raha zake zote, na ndiyo yaliyomponza.

Maana miaka thelathini na moja iliyopita aliyasema kwa mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka minane. Fundi alikuwa ameshona sare za shule nzima mpaka mgongo ukagoma, ndipo akaweza kumnunulia ile seti iliyowatoa watoto udenda dirishani mwa duka: Kituo cha Mwezini. Kulikuwa na kuba la plastiki, roketi ya miguu mitatu, gari la magurudumu sita, na wanaanga wadogo wasiozidi kidole gumba. Picha ya juu ya boksi iliwaonyesha saba, sita weupe na nahodha mwekundu mbele yao kainua mkono. Mtoto alilifungua boksi peke yake chumbani, kwa pupa ya mtoto. Jioni Fundi akaingia kuhesabu. Weupe sita. Mwekundu hayupo.

Siku ya kwanza mtoto alisema hakumwona kabisa huyo nahodha. Siku ya pili alisema hivyo hivyo, huku analia. Mama yake akapindua magodoro, akachekecha unga, akafungua mpaka bomba la sinki, akamsihi mumewe amwache mtoto, mtoto hajui. Fundi? Asikie wapi! Siku ya tatu, fimbo iliposhuka mara ya nne, mtoto akasema amemtupa nahodha kwenye mtaro. Fundi akaweka fimbo chini, roho yake imetulia. Akamgeukia mkewe na kumwambia umeona, alikuwa anadanganya.

Seti nzima ikapandishwa juu ya kabati hadi mtoto ashike adabu, na haikushuka tena. Tangu hapo lolote alilolisema yule mtoto katika nyumba ile lilipimwa mara mbili. Akisema anaumwa kichwa, anaguswa paji la uso kwanza. Akisema kafaulu, karatasi iko wapi? Alipofika miaka kumi na saba akaondoka kwenda kujifunza ufundi umeme mji mwingine, na kurudi kwake kukawa kwa misiba tu. Hata mama yake alipozikwa, alitoa shikamoo, akabeba jeneza, akanawa mikono, akaenda zake.

Sasa Fundi yuko peke yake, ana miaka sabini na moja, na nyumba imemshinda kwa ukimya. Ndipo likamjia wazo. Alikuwa amesikia habari za mwanamke mmoja nyuma ya duka la madaftari, anayetengeneza na kukusanya vichezeo vya zamani, wanamwita Mama Midoli. Akaliteremsha boksi, akalifuta vumbi, akalibeba kwapani. Mpango wake ulikuwa kumtafuta nahodha mwekundu kwa hali yoyote, ampelekee mwanawe, amwambie nimekusamehe, yaishe. Jamani, alijiona mtu mwema kweli.

Mama Midoli alivyoliona boksi, nusura amkumbatie mgeni. Alikuwa na mengine mawili ya Kituo hicho hicho, moja la kutoka ng'ambo na moja la nchi za kaskazini, na la huku hakuwahi kulishika. Akayapanga matatu mezani na kuanza kumwonyesha, maneno yanamtoka mfululizo. La ng'ambo kuba lake ni la buluu, la huku lina rangi ya moshi. La kaskazini ngazi yake ni ya bati. Gari la huku magurudumu yake ni ya plastiki ngumu, mpira ulikuwa ghali. Fundi alivumilia mpaka akachoka, akamwambia yeye shida yake ni moja, kuna mwanasesere mwekundu alipotea.

"Hakupotea, mzee," alisema Mama Midoli. "Kwenye maboksi ya huku hawakumtia. Picha waliiacha ile ile, basi."

Akaona mzee hajamwelewa, akaitoa trei ya boksi la ng'ambo na kuilaza mezani. Ilikuwa na mashimo saba ya umbo la mtu, kila mwanaanga na shimo lake. Kisha akaitoa trei ya Fundi na kuilaza kando yake.

Fundi akahesabu kwa kidole. Sita. Akavaa miwani, akahesabu kuanzia upande wa pili, sita. Akapapasa plastiki yote kutafuta mahali palipozibwa, na hapakuwa na mahali. Trei hiyo ilikuwa ndani ya boksi hilo tangu siku ile. Mtu aliyehesabu vifungo kila siku ya Mungu hakuhesabu mashimo sita, na fimbo alikuwa nayo mkononi. Akavutiwa kiti, akakaa. Mama Midoli, bila kujua lolote, akafungua droo na kumsogezea nahodha mwekundu, akasema anaye wa ziada, amchukue tu. Fundi hakuthubutu kumgusa. Alikuwa analia, na hakujali nani anamwona.

Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za duka na kumpigia mwanawe. Simu ilipokelewa, ikatolewa shikamoo ile ile ya misibani. Fundi akaitikia, akaeleza yote: boksi, picha, trei, mashimo sita.

"Ulisema kweli, mwanangu. Hakuwemo."



"Lakini mimi namkumbuka, Baba," mwanawe akasema. "Nakumbuka nilivyomtupa. Nauona mtaro, namwona anavyokwenda na maji. Miaka yote hii najua mimi ni mwongo na ulinichapa kwa haki."



"Jumapili nimemchapa binti yangu," mwanawe akaendelea, taratibu, kama anayejisomea. "Funguo za gari zilipotea. Akakana. Nikamwambia kitu hakipotei chenyewe. Akakana tena. Halafu akakubali, Baba. Akasema kazitupa dirishani. Nimetafuta chini ya dirisha wiki nzima."

"Mwanangu..."

"Ngoja kwanza. Acha nikaongee na mtoto."

Simu ikakatwa. Fundi alikuwa hajasema nisamehe. Akalisema hapo hapo kwenye ngazi, simu bado sikioni, na mteja aliyekuwa anatoka na madaftari yake akadhani anasemeshwa, akamjibu bila samahani, mzee.