Kichwa cha Jiwe la Mvua

Mpumbavu wa siku hiyo alikuwa Fadhili. Wala tusimwonee: yeye mwenyewe anakubali, ila baada ya kuilaumu barabara kwanza, kisha pikipiki, kisha jiwe.

Mji mzima wa Kasongo ulimjua kuwa motari, dereva wa pikipiki ya kukodi, asiyevunja kitu, maana alijitangaza mwenyewe kila asubuhi sokoni: mayai yametoka Kabambare yakafika mazima, hata mama mkwe wa mtu alifika bado anacheka. Basi Emilienne, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuja kutafuta mvua za kale, akampa mzigo mmoja wa kutoa pangoni upande wa Kabambare na kuuleta Kasongo. Ukifika salama, kazi ya msimu mzima ni yake.

Mzigo wenyewe ulikuwa jiwe. Refu, jeupe-jeupe, limesimama kama muhogo uliomenywa na mlevi.

"Maji ya mvua yanapenya mlimani, yanadondoka humu tone kwa tone," Emilienne alimweleza wakiwa pangoni. "Kila tone linaacha chokaa kidogo, na jiwe linaota kwenda juu. Mwaka wa mvua una alama yake, mwaka wa ukame una yake. Humu mna mvua za tangu kabla Waarabu hawajafika Nyangwe. Na chifu wa huku ametupa hili moja tu."

"Nimeelewa, Madame," alisema Fadhili, neno lililozamisha watu wengi kuliko mto Lualaba.

Emilienne akatangulia kwa pikipiki nyingine na vyombo vyake. Fadhili akafuata, ncha ya jiwe imetokeza kwenye gunia na kumchoma mbavu kwa kila shimo, na barabara ile mashimo haijawahi kumnyima mtu. Mbele kidogo, gurudumu likazama kwenye tope. Hapo akili ya mwenzetu ikawaka. Akachukua spana, akaipiga ncha, ikakatika vizuri kama muwa. Akaisukumiza chini ya gurudumu, akaongeza mafuta, pikipiki ikaruka nje. Magonjwa mawili, dawa moja! Alijipongeza hadi Kasongo.

Emilienne alikuwa amefikia kwa Hawa, shangazi yake Fadhili. Gunia likafunguliwa uani. Emilienne akapapasa pale palipokatika, akachungulia tena ndani ya gunia.

"Fadhili. Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa gani tena? Mwili wote huu hapa! Nimepunguza tu kidogo kwa juu."

"Huko juu njo kulikuwa na miaka yetu. Mvua ya mwaka jana, mpaka ya utoto wa mama yako. Nilitaka kuilinganisha na mvua iliyopimwa na kuandikwa kila mwaka pale misheni, ndipo nijue kuzisoma alama za chini. Sasa nianzie wapi?"

"Aa, kama ni miaka yetu, si uniulize mimi? Shahidi niko hapa, tena ninaongea. Mwaka niliozaliwa mvua ilinyesha mpaka Lualaba ikafurika. Andika!"

Shangazi Hawa alikuwa pembeni anapepeta mchele. "Mwaka uliozaliwa visima vilikauka vyote. Maji ya kukuogesha niliyatoa mtoni mimi, juu ya kichwa hiki. Lualaba ilifurika ndani ya kinywa chako tu."

Emilienne hakucheka. "Kipande kiko wapi?"

"Kwenye tope," Fadhili alisema, safari hii kwa sauti ya mtu mdogo.

"Basi kesho unanipeleka. Tukikipata, kazi yako iko. Tukikikosa, mimi nimekosa jiwe, na wewe umekosa kazi."

"Lakini Madame, haki iko wapi? Jiwe limefika! Kweli mutu mzima afukuzwe kazi kwa sababu ya kichwa cha jiwe?"

Shangazi akaweka ungo chini, akaokota jembe lililoegemea ukuta, akamtia mkononi.

"Shika, mutoto ya kaka yangu. Jiwe lilikuwa na kichwa, mpaka lilipobebwa na asiye nacho."