Ufa wa Sebuleni

Sifichi: nilikitaka chumba cha baba mkwe. Cherehani yangu ilibanwa sebuleni kati ya kabati na televisheni, wateja wanajaribia magauni bafuni, na yeye, mtu mmoja tu, kajinyoosha kwenye chumba chenye madirisha mawili. Jamani, hiyo ni haki?

Dari ya sebule ikaingia ufa. Ni dari ya jipsamu, na aliyeipiga ni yeye mwenyewe, enzi hizo fundi aliyeitwa Timazi kwa jinsi asivyokosea mstari. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka hadi chai inamwagika. Nikamwambia mume wangu kwamba baba amechoka, anahitaji uangalizi, aende kwa wifi. Wifi ana watoto sita na vyumba viwili. Mzee angelala kwenye kochi. Mume wangu akababaika. Ndipo mzee, aliyekuwa akisikia yote, akasema ataziba ufa mwenyewe, na ukirudi kabla ya wiki kwisha, ataondoka bila kusukumwa. Nikakubali haraka. Ule mkono nilikuwa naujua.

Loo, nilijidanganya. Mkono ulitetemeka mpaka ulipogusa dari, ukatulia tuli. Aliupanua ufa kwa kisu, akafuta vumbi, akabandika mkanda wa wavu, akapaka jipsamu mara tatu, kila mara akingoja ikauke. Akapiga msasa, akapaka rangi. Mume wangu alizunguka sebuleni shingo juu akitafuta ufa ulikuwa wapi, huku anacheka. Roho iliniuma, sisemi uongo.

Siku ya tano baada ya hapo, mzee alikwenda kliniki ya presha. Nikachukua ngazi yake, nikapanda kwa kile kimlango cha dari, nikatambaa juu ya mbao hadi pale alipoziba. Nikabonyeza bodi kwa kisigino. Ikakaza. Nikabonyeza tena kwa uzito wangu wote, ikalia. Niliposhuka nikatazama: ufa ule ule, tena mrefu kuliko wa kwanza. Nikaoga, nikabandika chungu jikoni.

Mzee aliporudi aliutazama sana, kisha akapanda juu kuangalia umeanzia wapi. Alikaa huko kitambo. Aliposhuka aliingia moja kwa moja chumbani kwake.

Jioni nikawa natafuta futi yangu ya kupimia nguo, ile inayoshinda shingoni kwangu mchana kutwa. Siioni. Nikaona hapo hapo pa kutilia chumvi: nikamwambia mume wangu, mzee akiwepo, kwamba baba sasa anaokota vitu vya watu na kusahau alikoviweka, na leo kachukua futi. Mume wangu akamuuliza kwa sauti ya chini, namna watu wanavyomuuliza mgonjwa.

"Inawezekana, mwanangu," mzee alisema. "Nitaitafuta. Na dari nimeiharibu mimi. Mikono imekwisha."

Mume wangu akageukia ukutani, akalia. Mimi moyoni nilikuwa nachagua mapazia.

Asubuhi mzee alitoka na begi moja. Mume wangu alikwishatangulia barabarani na sanduku la vifaa. Mzee akasimama mbele yangu mlangoni, akatia mkono mfukoni, akatoa futi yangu. Ilikuwa imejaa vumbi la juu ya dari. Akanivalisha shingoni polepole, na ule mkono, haki ya nani, haukutetemeka.

"Uliisahau juu," alisema. "Usimwambie mwanangu. Akijua, atakosa baba na mke siku moja."

Nikamwambia safari njema. Kabla ya adhuhuri cherehani ilikuwa kwenye chumba cha madirisha mawili, na futi nilishaipangusa.

Ufa bado upo. Nimemwambia mume wangu mara tatu tuite fundi, hataki. Anasema tumngoje baba, mikono ikitulia atarudi kuuziba.