Kamati Yachunguza Sinki

Mdogo wangu ni msusi. Tangu utotoni hajawahi kumaliza somo la dini bila kusinzia, na najua kwa sababu mwalimu wa mafundisho katika jumuiya yetu ni mimi. Kwa hiyo Mungu alipoamua kumtembelea mtu wa familia yetu, alinipita mimi niliyekaa tayari na masomo yote kichwani, akaenda moja kwa moja saluni kwake, katikati ya povu la shampuu.

Alikuwa anamsuuza mteja nywele. Mara, kwa maelezo yake, kila kitu kikawa karibu: maji, kile kichwa mikononi mwake, hata mlio wa mashine ya kukaushia. Akajua anapendwa. Basi. Akasimama machozi yakimtoka, huku maji yakimwingia mteja masikioni. Mteja badala ya kulalamika akatoka na taulo kichwani kwenda kutangaza. Kufika jioni, Mwenyekiti wa kamati ya imani alishakosa raha.

Mwenyekiti ni mtu makini. Kwake, jambo lisilopitia kwenye kamati halijatokea. Alikuja saluni na wenzake, akaagiza sinki lichunguzwe, na kwa kuwa hakuna aliyejitolea, akalaza kichwa chake mwenyewe, kichwa kisicho na unywele hata wa dawa. Mdogo wangu akakiosha kwa adabu zote. Tukasubiri.

"Maji ni ya kawaida," alitangaza akijifuta. Kisha akamgeukia msusi. "Mungu alikuambia nini?"

"Hakusema kitu, mzee."

"Hakuacha agizo? Hata onyo?"

"Hapana."

"Sasa alikuja kufanya nini?"

Mdogo wangu akafikiri. "Nahisi alikuja tu."

Alikuja tu! Katika masomo yetu hakuna mahali Mungu anapokuja tu, kama shangazi aliyepita kusalimia. Kamati ikaamua kwamba siku ya mkutano mwalimu, yaani mimi, nitaamua mbele ya wote kama jambo hilo linalingana na mafundisho. Lisipolingana, atengwe. Na kwetu aliyetengwa hasalimiwi, sembuse kukabidhiwa kichwa cha mtu. Wateja wake wote ni wa jumuiya. Saluni ingefungwa, na wanawe wangekula nini?

Nilikwenda kumpa maneno ya kusema.

"Sema uliambiwa watu watubu. Hakuna atakayepinga."

"Lakini dada, sikuambiwa."

"Basi sema uliona mwanga."

"Hakukuwa na mwanga. Kulikuwa na povu."

Nilitamani kumzaba kibao. Haikuwa hasira ya ukaidi wake, ulikuwa wivu, tena wivu mbaya. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikalaza kichwa kwenye lile sinki, nikamwambia anioshe. Hakuuliza kwa nini. Nikafumba macho nikangoja, mimi mwalimu mzima, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Nilichopata ni maumivu ya shingo.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Watu wasioonekana kwenye ibada walikumbuka ghafla kwamba wana imani.

"Mwalimu," Mwenyekiti akauliza, "jambo hili linalingana na mafundisho?"

Nilikuwa na jibu refu, lenye kumridhisha kila mtu. Kisha nikamwona mdogo wangu mstari wa mbele, mikono yake imekakamaa kwa dawa za nywele, ananitazama bila wasiwasi wowote. Aliyekuwa nao ni mimi.

"Siwezi kulinganisha," nikasema. "Mafundisho nayajua yote. Huyo aliyekwenda saluni sijawahi kukutana naye, na ningetoa kila kitu nikutane naye."

Mtu alikohoa nyuma. Mwenyekiti alinikodolea macho.

"Sasa miaka yote ulikuwa unatufundisha nini?"

"Mlichonifundisha."

Akawageukia wanakamati, labda wamsaidie. Wanakamati wakawa wanakagua viatu vyao. Akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kukutana na Mungu, asimame aseme yeye kama msusi anadanganya.

Mdogo wangu hakutengwa. Kumtenga kulihitaji mtu mmoja tu asimame, na ukumbi mzima ulibaki umekaa.