Maisha ya Gunia

Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, Hadijah alikuwa amechuchumaa mbele ya karai lake mtaani Sofia, upande wa Busia ulio Uganda, akisugua gunia kwa majani ya mpapai. Sabuni ilikuwa imeadimika tangu mwaka wa juzi, na aliyekuwa nayo hakutaka ijulikane. Hadijah alikuwa dobi wa magunia. Aliyapokea machafu kutoka kwa wachukuzi, akayageuza ndani nje, akayapiga mara tatu juu ya jiwe, kisha akayaloweka. Yakikauka yalivuka mpaka tena, yakienda na kahawa na kurudi na chumvi.

Tangu mvua za Machi, maji ya karai lake yalikuwa yanarudisha kila kitu ambacho gunia lilipitia, kwa mpangilio, tangu kuzaliwa kwake. Kwanza ulitoka udongo mweusi wa shamba la mbali lilikoota juti, mmea wa nyuzi za magunia. Kisha yalitoka maji ya mto ambamo mashina yalilowekwa mpaka yakaoza, pamoja na samaki waliokufa humo kwa kukosa hewa. Yalifuata mafuta ya mashine, halafu moshi wa meli, halafu vumbi la barabara ya Tororo. Mwisho zilikuja punje za kila mzigo uliowahi kubebwa. Majirani hawakuwa na neno. Walilalamikia moshi tu, kwa sababu ulichafua nguo zilizoanikwa, na Hadijah akawa anawapa taarifa mapema waanue.

Yeye mwenyewe alishukuru. Chumvi na punje za kahawa alizipata bila kuvuka mpaka, na katika miaka ile hiyo ilikuwa riziki ya kumwambia Mungu ahsante kwa sauti ndogo.

Jambo moja tu lilimkaa kooni. Mumewe, Muzafaru, dereva wa lori, alikuwa ametoka nyumbani siku ya tatu ya Ramadhani ya mwaka uliopita, akiwa na shati la kijani, na hakurudi. Dauda, mdogo wake Muzafaru, alikwenda kuuliza huku na huku, akarudi na habari kwamba kaka yake amevuka, yuko Kenya, ameoa mke mwingine huko Mundika. Habari ilikuwa tamu, mtaa ukaila. Kwa hiyo Hadijah hakuwa mke wala mjane. Hakuweza kukaa eda ya mtu aliyesemekana ananenepa kwa mke mwenzake, na hakuweza kumwombea dua kama marehemu. Kila jioni alibakiza chakula, na kila asubuhi akawapa kuku.

Jumatatu hiyo ndipo alipofika Ofumbi, karani wa serikali kutoka Tororo, mzaliwa wa Kirewa, mtu mzima mwenye baiskeli na daftari lililofungwa kwa kamba. Akasalimia, akapewa kigoda.

"Mama, ofisi inataka kujua," alisema. "Kuna gunia ya juti, kuna ya nailoni, kuna ile mfuko ya karatasi. Gani inasumbua dunia kidogo? Kutoka kuzaliwa mpaka kuoza. Shamba inakula ngapi, maji ngapi, moshi ngapi, na inafanya kazi mara ngapi kabla ya kufa. Nailoni na karatasi nimemaliza. Sasa nataka juti kumi."

"Nani amekuambia mimi najua?"

"Wanasema karai yako inajua."

Hadijah hakuona sababu ya kubisha, maana ilikuwa kweli. Wakafanya kazi mpaka adhuhuri. Yeye aliloweka, Ofumbi akapima kila kilichotoka: udongo kwa kopo, samaki kwa kuwahesabu, moshi kwa kutazama saa yake mpaka uishe. Alikuwa mtu wa haki hata kwa moshi. Gunia moja likarudisha maji ya kuozeshea juti mengi kiasi cha kufurika uani, akaomba radhi, akavua viatu, akaendelea kuandika akiwa amekunja suruali. Magunia tisa yakaisha hivyo.

La kumi lililobaki uani lilikuwa la kambi ya wanajeshi. Kila dobi wa Sofia alikuwa na magunia ya kambi, na wote walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: gunia la kambi haligeuzwi ndani nje. Linafungwa mdomo, linachovywa, linaanikwa, linarudishwa.

"Hiyo hapana," Hadijah alisema.

"Mama, fomu inataka kumi. Tisa haiwezi kufika kumi."

"Tafuta ingine kwa jirani."

"Kwa jirani maji hairudishi kitu." Ofumbi alilitazama gunia, kisha akatazama barabarani, kisha akateremsha sauti. "Mimi pia naogopa. Lakini nikiacha hii, kitabu yote ni uongo."

Hadijah alifikiri kidogo. Alikuwa amechoka na kuku kula chakula cha mumewe. Akafungua mdomo wa gunia, akaligeuza ndani nje, akalipiga mara tatu, akaliloweka.

Ukatoka udongo, ukapimwa. Wakatoka samaki kumi na mmoja, mafuta, moshi, vumbi. Zikatoka kahawa, chumvi, mkaa, mahindi kutoka Mella, na kahawa tena. Kisha maji yakanyanyuka kidogo na Muzafaru akaketi ndani ya karai, magoti juu, shati la kijani limemshika mwilini. Alikuwa amekonda. Alikuwa na tundu dogo juu ya sikio.

"Umechelewa," Hadijah alimwambia.

"Gunia imezunguka sana," Muzafaru alijibu. "Walinishusha kwa kizuizi, siku ile ile. Walitaka lori. Mimi nilikuwa nakuja nyumbani, mama."

"Mundika hukufika?"

"Mundika nafanya nini?"

Hadijah akajifunika uso kwa kanga, akalia, na katika kilio hicho furaha ilikuwa nyingi kuliko uchungu, naye hakuona haya kuisema. "Alhamdulillahi," alisema. "Hukuniacha." Alimpa chai. Muzafaru akainywa yote, akauliza kama paa bado linavuja, akaambiwa linavuja, akatikisa kichwa kwa kusikitika. Kisha akatoka karaini, akalala chali pale uani na hakusema tena.

Ofumbi alikuwa amesimama muda wote huo. Alipokaa, aliandika kwenye safu ya matumizi, mstari wa sita: *mtu mmoja, Muzafaru, dereva*. Mwandiko ulisomeka.

Imamu alipoitwa aliuliza jambo moja tu, kama maji ya gunia yanatosha kuwa josho. Akajijibu mwenyewe kwamba hayatoshi, na Muzafaru akaoshwa upya. Alizikwa baada ya alasiri. Dauda alibeba jeneza upande wa kichwa, na waliporudi alisimama katikati ya mtaa akasema, watu wakisikia, "Mimi nilisema uongo juu ya ndugu yangu." Hadijah akaanza eda siku hiyo. Akakaa miezi minne na siku kumi, na hakuna siku aliyoikaa kwa manung'uniko.

Eda ilipokwisha, Ofumbi alirudi na barua yenye mhuri. Akamsomea, akitazama karatasi tu. Ofisi iliridhika na kitabu chake. Nailoni haiozi, karatasi hupasuka mara ya kwanza. Gunia la juti limeshinda, kwa kuwa hutumika mara nyingi na kwa mizigo ya aina nyingi kabla ya kuisha. Mstari wa sita ulikuwa umehesabiwa pamoja na mingine. Kambi ilikuwa imeagiza magunia elfu mbili.

"Nisamehe, mama," Ofumbi alisema.

"Kwa nini? Wewe umeandika jina yake. Nani mwingine ameandika?" Hadijah alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante sana."

Hawakuwa wamemaliza kuagana gari la kambi liliposimama barabarani. Askari akatupa bunda la magunia uani, akasema yanatakiwa Ijumaa, akaondoka. Hadijah akakata kamba, akayahesabu. Yalikuwa thelathini. Akachukua la kwanza, akaligeuza ndani nje, kisha akamwita Dauda abandike birika kubwa na atafute vikombe kwa majirani.