Baba Aliyeonekana kwa Kompyuta Tu

Mama alikuwa amenuna, na mwanawe, mtengenezaji wa tovuti, hakujua kakosa nini. Salamu anaitikiwa, chai anapewa, lakini mazungumzo hakuna. Na mama huyu, jamani, ni wa kuongea hata na sufuria!

Tovuti ya karakana ya samani ilikuwa zawadi yake kwa mama. Karakana aliianzisha marehemu baba, na sasa mama ndiye anayeisimamia. Kwenye ukurasa wa kwanza, kijana aliweka picha ya baba kaegemea kabati, penseli sikioni. Kila akiifungua kwenye kompyuta yake kubwa, roho inamtulia.

Jumapili akaja shangazi, dada wa baba. "Wifi, nimemwona kaka yangu kwenye kompyuta ya ofisini. Nimelia!"

"Kaka yako yupi?" mama akafoka. "Mwanangu kamtoa babake. Kaweka makabati na bei, basi. Utadhani yule mtu hakuwahi kuishi."

"Acha hizo, wifi. Nimemwona kwa macho yangu."

"Na haya yangu ni matundu? Tazama!" Akawanyooshea simu yake.

Kijana akachungulia. Baba hayupo kweli. Ni yeye mwenyewe aliyeipanga tovuti hivyo: anayeingia kwa kompyuta aone kila kitu, anayeingia kwa simu apewe ukurasa mwepesi, mapambo yote yaachwe ili ufunguke upesi. Na picha ya baba aliiweka kwenye kundi la mapambo. Haraka haraka haina baraka. Hata siku moja hakuwahi kuujaribu kwa simu, naye mama maisha yake yote hajamiliki kompyuta.

"Nisamehe, mama. Sikumtoa. Nilimficha bila kujua."

Akakaa palepale mezani, akafungua kompyuta yake, akarekebisha. "Haya, fungua tena."

Baba akatokea juu ya makabati yote, lakini mrefu, mwembamba, kabanwa na kioo cha simu.

"Mbona amekonda?" Sauti ya mama ikakatika. "Hivi ndivyo alivyokuwa hospitali."

Kijana akarudi kwenye kompyuta, macho yamemjaa machozi, akaipangia picha upana wake halisi.

Mama akafungua mara ya tatu. Akaanza kucheka huku anajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Wifi, njoo umwone kaka yako. Penseli yake tuliitafuta nyumba nzima, kumbe anayo sikioni!"